Mwandishi Aliyeziona Silaha Kabla ya Vita

Mnamo tarehe 6 Agosti, 1945, bomu la atomiki liliuteketeza mji wa Hiroshima huko Japani, na dunia nzima ikashtuka. Lakini jina la silaha hiyo, pamoja na wazo kwamba bomu moja laweza kuangamiza mji, yalikuwa yamekwisha kuchapishwa kitabuni tangu mwaka 1914. Aliyeyaandika alikuwa bado hai mjini London.

Mwandishi huyo ni Herbert George Wells. Alizaliwa Bromley, Uingereza, tarehe 21 Septemba, 1866. Baba yake alikuwa na duka dogo lisilo na faida, na mama yake alikuwa mtumishi wa majumbani. Kijana Wells alitiwa kazini katika duka la vitambaa, kazi aliyoichukia, kisha akapata nafasi ya kusoma elimu ya viumbe mjini London chini ya mwalimu Thomas Huxley. Elimu hiyo ndiyo iliyokuwa msingi wa hadithi zake.

Mwaka 1898 alitoa kitabu cha The War of the Worlds, kinachosimulia viumbe wa sayari ya Mirihi walivyoivamia Uingereza. Wakati huo Uingereza ilikuwa ikitawala mataifa mengi kwa mtutu wa bunduki. Wells aliwataka wasomaji wake, kabla ya kuwalaani wavamizi hao, wakumbuke maangamizi waliyotendewa wenyeji wa Tasmania na walowezi wa Kizungu. Hivyo aliwaonjesha watawala uchungu wa kutawaliwa.

Mwaka 1903 alisimulia juu ya magari ya chuma yanayovuka mahandaki na kuzivunja safu za adui. Tarehe 15 Septemba, 1916, Waingereza waliingiza vifaru vitani kwa mara ya kwanza, huko Somme, Ufaransa. Vifaru hivyo viliundwa na wahandisi, wala si na Wells. Walakini wazo lilikuwa limetangulia chuma.

Habari ya bomu ni nzito zaidi. Mwaka 1932 mwanasayansi wa Kihangari, Leo Szilard, alikisoma kitabu cha Wells, The World Set Free. Mwaka uliofuata, akiwa London baada ya kumkimbia Hitler, alitambua njia ambayo nguvu za atomu zingeweza kufunguliwa mfululizo. Kwa kuwa alijua hatari iliyomo, aliukabidhi ugunduzi wake kwa jeshi la wanamaji la Uingereza ufanywe siri. Julai 1945, yeye na wenzake waliandika ombi kwa Rais wa Marekani wakipinga Japani kupigwa bomu bila ya kuonywa. Ombi hilo halikuzuia lolote.

Wells mwenyewe hakuishia kwenye maonyo. Mwaka 1940 alichapisha kitabu kuhusu haki za binadamu, akidai kwamba vita viwe na shabaha ya kumlinda mtu dhidi ya dhuluma. Alifariki tarehe 13 Agosti, 1946. Miaka miwili baadaye, tarehe 10 Desemba, 1948, Umoja wa Mataifa ulipitisha Tangazo la Haki za Binadamu.

Fundisho kwa walinzi wa nchi ni wazi. Silaha huanza kama wazo, na kila silaha mpya humkuta askari yule yule. Basi nidhamu na kuheshimu utu wa raia havina budi kutangulia silaha, kwani bomu likishaanguka, majuto huwa ni mjukuu.