Vivio: Kigari cha sisi (cc) 660 kilichomaliza Safari Rally

Mafundi wa jua kali wa Kiandutu, Thika, wanaifahamu Subaru kutoka chini. Iinue kwa jeki uone kinachowapa kazi: propela inayotoka gia boksi hadi difu ya nyuma. Magari mengi madogo huvutwa na magurudumu ya mbele pekee. Forwili hutumia yote manne, na masika yakichapa, tofauti hiyo haihitaji kuelezwa na mtu.

Teknolojia hiyo ilijaribiwa hapa kwetu. Leone ya forwili, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1972, ilishiriki Safari Rally ya 1980. Kitengo cha michezo cha Subaru, STI, kikaundwa 1988, na katika Safari ya 1990 dereva Jim Heather-Hayes akashinda Kundi N, la magari yanayokaribiana na ya dukani, akiwa na Legacy.

Lakini ni Pasaka ya 1993 inayostahili kusimuliwa vizuri. Subaru ilileta Vivio tatu. Ni kigari chenye urefu wa mita 3.3 hivi, kilichoundwa kwa sheria ya Japani inayoweka kikomo cha injini kuwa sisi 660. Injini yake ilikuwa ya sisi 658, silinda nne, ikisaidiwa na supachaja inayosukuma hewa ndani. Kanuni za mbio zilizidisha ukubwa huo kwa 1.7 wakati wa kupanga madaraja, kwa sababu ya supachaja. Hata hivyo hesabu ilifika 1,119 tu, huku Celica za Toyota zikiwa na injini za lita mbili zenye tabo. Kila gurudumu la Vivio lilikuwa na sasipensheni yake, kwa hiyo moja likitumbukia shimoni, la pili halikuyumba nalo.

Dereva aliyetazamwa zaidi alikuwa Colin McRae wa Uskoti, kijana wa miaka 24. Alikimbiza Vivio kwa kasi iliyoshangaza watu, lakini njia za Kenya zikamkatalia, hakumaliza. Mjapani Masashi Ishida naye akaishia njiani. Aliyebaki ni Mkenya, Patrick Njiru. Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza, Juha Kankkunen akiwa mshindi. Njiru alifika wa 12 na kushinda daraja lake. Kumaliza Safari ya enzi zile, maelfu ya kilomita za mawe na vumbi, kwa injini ndogo kiasi hicho ni ushindi mkubwa, na nathubutu kusema haujapewa heshima yake. McRae alikuja kuwa bingwa wa dunia 1995, na jina lake linajulikana kila mahali. Njiru, aliyemaliza wa nne mwaka uliofuata kwa Impreza, vijana wengi wa leo hawamjui.



Thika yenyewe ina kiwanda cha kuunganisha magari, KVM (Kenya Vehicle Manufacturers), kilichoanzishwa 1974 kwa jina la Leyland Kenya, na serikali ina hisa asilimia 35. Lakini Wajapani ndio waliochukua mafunzo ya barabara zetu wakayapeleka kwenye meza zao za usanifu. Sisi tulibaki na spana. Kaunti ya Kiambu, KVM na chuo cha ufundi cha Thika wakae pamoja: watafute Vivio moja, waifungue mbele ya wanafunzi na mafundi wa Kiandutu, na wamwalike Patrick Njiru aje kuieleza.