Barua ya Swansea na Wazee Wetu Barabarani

Kila dereva wa gari dogo hapa Uingereza akikaribia kutimiza miaka 70, barua hutoka Swansea ikamfuata nyumbani. Hutumwa yapata siku 90 kabla ya siku yake ya kuzaliwa, na ndani mna fomu iitwayo D46P. Leseni yako inakwisha, inasema. Ukitaka kuendelea kuendesha, jaza, tia saini, rudisha. Wako wazee wetu wanaoipokea kana kwamba ni hati ya kufukuzwa nchini. Wengine huificha kabatini wasiione watoto. Na wengine huja juu: miaka arobaini napita M1, sijamgonga hata paka, leo naulizwa kama naona?

Ndugu msomaji, hebu tuitazame barua hiyo ilikotoka, maana historia yake si ile wengi wetu tunayoidhania.

Leseni ya kuendesha gari ilianza nchini humu tarehe 1 Januari 1904, chini ya sheria ya magari iliyopitishwa mwaka 1903. Mtu alikwenda kwenye halmashauri ya jimbo lake, akalipa shilingi 5, akapewa karatasi. Hapakuwa na mtihani. Madhali ametimiza miaka 17 na hajapigwa marufuku na mahakama, halmashauri haikuwa na ruhusa ya kumnyima. Kwa maandishi ya sheria ile hata asiyeona angeweza kuipata. Shabaha haikuwa kujua kama mtu anaweza kuendesha, bali kujua yeye ni nani, ili akivunja sheria kosa liandikwe kwenye karatasi yake. Ni sheria hiyo hiyo iliyoleta namba za magari, na kupandisha mwendo wa mwisho hadi maili 20 kwa saa.

Afya ya dereva iliingia mwaka 1930. Sheria ya barabara ya mwaka huo ilimtaka kila aombaye leseni atamke mwenyewe kwamba hana ugonjwa au kilema kinachoweza kumfanya hatari kwa wengine. Katika miaka hiyo ya 1930 kikaja pia kipimo cha kusoma namba ya gari kwa mbali, yadi 25 mchana kweupe, miwani ikiruhusiwa. Leo umbali ni mita 20. Kwa miaka tisini hivi, basi, mambo hayo mawili, kauli ya mtu mwenyewe na kibao cha namba, ndiyo yaliyobeba karibu mzigo wote. Daktari hakuwemo, ila pale mtu alipotaja ugonjwa.

Mtihani wa udereva ulikuja baada ya vifo kuzidi. Mwaka 1934 peke yake watu 7,343 walikufa katika barabara za Uingereza, wakati magari yalikuwa machache mno ukilinganisha na leo. Waziri wa usafiri, Leslie Hore-Belisha, yule ambaye jina lake limebaki kwenye zile taa za rangi ya chungwa penye vivuko vya miguu, akasimamia mtihani kuwa wa lazima kuanzia tarehe 1 Juni 1935. Lakini waliokuwa wameanza kuendesha kabla ya Aprili 1934 hawakuguswa. Vita vilipoanza mwaka 1939 mitihani ikasimamishwa hadi Novemba 1946, na waliokuwa na leseni za kujifunza wakati wa vita wakapewa muda mwaka 1947 wa kuzibadili kuwa kamili bila kutahiniwa. Ndiyo maana miaka ya 1990, wengi wetu tulipokuwa tukihangaika kufanya mtihani mara ya pili na ya tatu, na mtu aliyeendesha lori kutoka Dar hadi Mbeya miaka kumi akiambiwa leseni yake ya Tanzania mwisho wake miezi 12, barabarani walikuwapo vikongwe wa Kiingereza ambao hakuna mtahini aliyewahi kukaa pembeni yao. Silisemi kwa kijicho. Au labda kidogo.

Sasa tuje kwenye 70. Hadi mwaka 1957 leseni ilihuishwa kila mwaka, awe kijana au mzee. Mwaka huo ikawa kila miaka mitatu, na kila mara dereva alitamka upya habari za afya yake. Ilipofika mwaka 1973 kazi ilianza kuondolewa mikononi mwa halmashauri na kupelekwa kwenye kompyuta kubwa ya Swansea, kule Wales, na mwaka 1976 ikaamuliwa kwamba leseni ya kawaida idumu hadi mtu afikie umri wa miaka 70. Wakati huo wastani wa maisha ya mwanamume aliyezaliwa nchini humu haukufika hata 70. Kwa hesabu hiyo, leseni ya hadi sabini ilikuwa karibu leseni ya maisha.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini. Mzee wa sabini hakuongezewa sharti jipya. Wengine wote ndio walioondolewa sharti, yeye akabakishiwa lile lililokuwa la kila mtu kati ya 1957 na 1975: fomu kila miaka mitatu na kauli yake mwenyewe. Anayeipokea barua kama tusi ajue kwamba kijana wa miaka 25 mwaka 1960 alijaza kitu kama hicho hicho. Tena kuhuisha ukiwa na miaka 70 hakulipiwi hata peni moja. Tovuti zinazokutoza ni za watu binafsi wanaojitafutia riziki.

Kisichosemwa sana ni kwamba wengi waliofaulu mtihani kabla ya Januari 1997 wana ruhusa ya ziada bila kujua, ile ya D1, inayowawezesha kuendesha basi dogo la abiria hadi 16 pasipo kutoza nauli. Ruhusa hiyo hufika mwisho mtu akitimiza 70, isipokuwa alete fomu ya D4 iliyojazwa na daktari, kwa gharama yake. Jumuiya zetu zinategemea sana watu hawa. Msiba ukitokea Leicester na watu wako London, anayeshika usukani wa basi la kukodi mara nyingi ni mzee mmoja mwaminifu aliyefika miaka ya 1970. Kabla ya kumpa funguo, aulizwe kwa adabu leseni yake inasemaje, maana ajali ikitokea bima itaiuliza kabla yetu.

Je, kauli ya mtu mwenyewe inatosha? Mwezi Februari 2011, mjini Colchester, msichana wa miaka 16 aliuawa kando ya barabara na gari la mzee wa miaka 87. Siku chache kabla, polisi walikuwa wamempima macho mzee huyo, akashindwa, wakamsihi aache kuendesha. Hawakuwa na uwezo wa kumnyang'anya leseni papo hapo. Mama wa msichana alipigania jambo hilo hadi mwaka 2013 ukawekwa utaratibu wa polisi kuwasiliana na Swansea na leseni kufutwa kwa haraka. Januari 2019 Prince Philip, akiwa na miaka 97, aliingia barabara kuu karibu na Sandringham akagongana na gari lililokuwa na wanawake wawili na mtoto mchanga. Mmoja akavunjika mkono. Wiki tatu baadaye akairudisha leseni kwa hiari. Na Aprili 2025 hakimu mchunguzi wa vifo wa Lancashire, baada ya kuchunguza vifo vinne vilivyohusu madereva wenye matatizo ya macho, alimwandikia waziri kwamba mpango wa kila mtu kujitolea taarifa haufai na si salama. Januari 2026 serikali ikawaomba wananchi maoni juu ya kipimo cha macho cha lazima kwa waliopita 70.

Upande wa pili nao una hoja, tena nzito. Finland ilikuwa ikiwapima madereva wazee, jirani yake Sweden haikuwapima. Watafiti walizilinganisha nchi hizo mbili katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, na hawakuona kwamba madereva wazee wa Finland walipata ajali chache zaidi. Walichokiona ni kwamba Finland ilikuwa na vifo vingi zaidi vya wazee waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Ukimshusha mzee garini hukumweka salama sebuleni. Umemweka kwenye kivuko cha miguu, penye barafu, na mifuko ya soko mikononi.

Mimi naona macho yapimwe, tena bila kungoja sheria. Kipimo chenyewe ni bure hapa England kwa kila aliyefikia 60. Kibao cha namba kinaweza kumkamata mwenye mtoto wa jicho, na huyo hufanyiwa upasuaji akarudi barabarani. Mwenye presha ya macho ni habari nyingine. Ugonjwa huu unawapata zaidi watu wenye asili ya Afrika kuliko Wazungu, na huanza kula pembeni mwa macho kimya kimya. Mtu anasoma namba vizuri kabisa huku hamuoni mtoto anayetokea ubavuni. Ukiwa umeathiri macho yote mawili ni lazima Swansea wajulishwe. Anayetumia insulini kwa kisukari naye lazima aseme, na aliyepata kiharusi asishike usukani kwa mwezi mzima angalau. Kuficha kuna faini ya hadi pauni 1,000.

Nani atamwambia? Kwetu mtoto hamwambii baba yake kwamba hafai. Binti mmoja ninayemfahamu alianza hivi: "Shikamoo baba. Leo naomba nikuendeshe mimi." "Kwani mimi nimekuwaje?" "Hujawa kitu, baba. Jana pale kwenye taa nilishika mlango kwa mikono miwili." Mzee alinyamaza mpaka wakafika. Jumatatu alikwenda kwa daktari wa macho peke yake, kwa basi.

Kama daktari atamshauri apumzike, kuna jambo moja la kujua kabla Swansea hawajachukua hatua. Anayeirudisha leseni mwenyewe kwa hiari, akipona na kuomba tena, mara nyingi huruhusiwa kuendesha huku maombi yakishughulikiwa, mradi daktari amekubali. Aliyefutiwa kwa sababu ya afya hana nafasi hiyo. Hungoja mpaka leseni mpya imfikie mkononi.