Wachungaji Walipoondolewa: Malezi ya Viongozi wa Kanisa Tanganyika na katika Uliokuwa Umoja wa Kisovieti

Tumezoea kuihesabu historia ya Kanisa letu kwa kuwasili kwa wamisionari na kufunguliwa kwa vyuo. Hapa Buguruni upungufu wa hesabu hiyo huonekana upesi. Ibada za jumuiya majumbani huongozwa na wainjilisti na wazee wa kanisa, watu ambao wengi wao majina yao hayamo katika daftari la chuo chochote cha theolojia. Kwa sababu hiyo twapenda kuitazama habari ya Walutheri wa uliokuwa Umoja wa Kisovieti, tukiilinganisha na yaliyotupata sisi wenyewe.

Tuanze na kwetu. Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, na hadi kufika mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa nchini. Hawakuruhusiwa kurejea mpaka 1925. Katika mji huu kundi la Walutheri liliongozwa na mwalimu Martin Ganisya, mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Kule Bukoba, Andereya Kajerero na walimu wenzake waliyashika mapokeo waliyofundishwa, wakakataa kumezwa na misioni nyingine zilizokuja kushika nafasi iliyoachwa wazi. Kajerero alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1929, yaani baada ya kuifanya kazi ya uchungaji kwa miaka mingi. Chuo cha theolojia cha Lwandai, kilichohamia Makumira mwaka 1954, hakikuanza mpaka 1947. Kazi ilitangulia, mafunzo yakafuata.

Huko Urusi mambo yalikuwa makali zaidi, kwa maana aliyewaondoa wachungaji hakutaka wengine waje badala yao. Askofu Malmgren alifungua seminari ya Leningrad mwaka 1925, ikafungwa 1934. Wachungaji Paul na Bruno Reichert, baba na mwanawe, waliokuwa wakihudumu katika mji huo, waliuawa mwaka 1938, na tangu mwaka huo hapakuwa tena na kanisa la Kilutheri lililo wazi nchini. Kisha likatoka agizo la tarehe 28 Agosti 1941: Wajerumani wa bonde la mto Volga wakahamishwa kwa nguvu kwenda Siberia na Kazakhstan, na wanaume wengi wakapelekwa katika kazi za kulazimishwa. Waliobaki kuliongoza Kanisa wakawa hasa wanawake. Hao walikusanyika vyumbani kwa siri, wakasoma mahubiri katika vitabu vya kale, wakanakili nyimbo kwa mkono, wakabatiza watoto na kuzika wafu. Usharika wa kwanza kuandikishwa na serikali ni ule wa Akmolinsk, mji uitwao leo Astana, mwaka 1957, chini ya mchungaji Eugen Bachmann.

Hapa lazuka swali ambalo mwanafunzi wa theolojia hawezi kulikwepa. Ungamo la Augsburg, kifungu cha 14, lasema kwamba asifundishe mtu hadharani wala kugawa sakramenti katika Kanisa pasipo kuitwa kwa utaratibu. Je, mjane aliyebatiza mtoto katika kibanda cha Siberia aliitwa? Wako watakaojibu kwamba ule ulikuwa ubatizo wa dharura tu, na jibu hilo halina kosa. Lakini dharura iliyodumu karibu miaka hamsini haiwezi kuitwa ajali. Sisi twaona kwamba kundi lililomketisha mama yule mbele, likamsikiliza na kumtii, lilimwita, ijapokuwa hapakuwa na askofu wa kumwekea mikono. Ndivyo tusemavyo juu ya Kajerero pia.

Milango ilipofunguliwa, fedha na walimu walitoka nje kwa wingi, kama ilivyokuwa kwetu zamani. Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Leningrad, ambalo utawala wa Kisovieti ulikuwa umeligeuza bwawa la kuogelea, likarudi mikononi mwa waumini, na mwaka 1997 seminari ikafunguliwa Novosaratovka, karibu na mji huo. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya 1990 Wajerumani wengi walihamia Ujerumani, na miongoni mwao wale walioongoza ibada za siri. Vijana wakafundishwa kwa Kirusi ili kuchunga sharika zilizozoea kusali kwa Kijerumani. Badiliko la lugha lilikuwa la lazima, na sisi tuliokwisha kuona Kiswahili kikiwaunganisha watu wa makabila mengi katika mji huu hatuwezi kulilaumu. Hasara kubwa ilikuwa kwamba walezi waliondoka kabla wanafunzi hawajapata muda wa kutosha wa kuketi miguuni pao.

Yako mengine yanayotushangaza. KKKT iliamua mwaka 1990 kuwabariki wanawake kuwa wachungaji. Latvia, nchi nyingine iliyokuwa chini ya Kisovieti, ilikuwa imekwisha kuwabariki, ikaacha tangu 1993, na mwaka 2016 sinodi yake ikaandika katika katiba kwamba huduma hiyo ni ya wanaume peke yao.