Kansere ya matiti ikichelewa kuonekana: ni wakati gani kosa ni la munganga, na mugonjwa adai wapi?

Mama anafika kwenye kituo cha afya na kivimbe ndani ya titi. Anapewa antibiotiki, anarudi nyumbani. Miezi inapita, kivimbe kinakomaa, ngozi inaanza kupasuka. Siku anafika kwenye hospitali kubwa, anaambiwa: ni kansere, na umechelewa. Hapo familia inabaki na swali moja: nani alichelewesha? Ni mama mwenyewe, ni munganga, ao ni hali ya inchi?

Sheria ya Congo iko na jibu. Lakini inataka kwanza kutofautisha kosa la mutu na ukosefu wa vyombo.

Siku 60

Kansere ya matiti, ao saratani kama wanavyosema ng'ambo ya ziwa, ilipata wanawake karibu milioni 2,3 duniani katika mwaka wa 2022, na karibu 670.000 walikufa. Ikionekana mapema, wengi wanapona. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitia lengo katika mwaka wa 2021: tangu siku mugonjwa anaonyesha alama kwa mara ya kwanza, ugonjwa ujulikane ndani ya siku 60.

Kwa mutu wa Lulimba, siku 60 ni mbio kubwa. Kuhakikisha kansere kunaomba biopsi, ni kusema kukata kipande kidogo cha kivimbe na kukipima katika laboratwari yenye mutaalamu wa kazi hiyo. Mara nyingi ni lazima kufika muji mukubwa. Kuna barabara, mvua, usalama, na feza ya safari.

Kuchelewa si kosa kila mara

Watu wa sheria wanasema kama munganga hana deni la kuponya. Deni lake ni kutumia akili, uangalifu na vyombo alivyo navyo, kama angefanya mwenzake mwenye busara mahali kama pale. Kwa hiyo, muuguzi wa kijiji hawezi kuhukumiwa kwa sababu hakufanya biopsi. Hana chombo.

Lakini kuna mambo ambayo hayaombi mashine. Kumuuliza mama kivimbe kilianza lini. Kushika titi zote mbili na makwapa. Kuangalia kama ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, kama chuchu imeingia ndani ao inatoa damu. Kuandika yote kwenye fishi. Kumwambia mama arudi siku fulani.

Kwa mama anayenyonyesha, kuwaza kwanza jipu ao uchafu ndani ya maziwa si kosa. Ni ugonjwa wa kawaida. Kosa linaweza kuanza pale dawa imeisha, kivimbe kimebaki, na munganga anarudilia dawa ileile bila kumutuma mbele. Kutoandika transferi ni jambo ambalo ukosefu wa mashine hauwezi kulitetea.

Sheria inasema nini

Kitabu cha 3 cha Kode sivili, cha tangu 1888, kinasema katika artikle ya 258 kama mutu akileta hasara kwa mwenzake kwa kosa lake, anapaswa kuilipa. Artikle ya 259 inaongeza uzembe na kukosa uangalifu. Artikle ya 260 inagusa mwenye kutuma mutu kazi: kwa njia hiyo, hospitali inaweza kujibu kwa kosa la mutumishi wake.

Kwa upande wa malipizi, artikle ya 52 mpaka 54 za Kode penali zinaazibu kuua ao kuumiza bila kusudi, kwa kukosa kuona mbali ao kukosa uangalifu. Mutu akikufa, azabu inaweza kufika miaka 2 ya gereza. Njia hii ina saa yake: parke haiwezi kufuata kifo cha namna hiyo kisha miaka 3, na kwa kuumiza ni mwaka 1. Kwa kansere, ambayo inatembea polepole, muda huo unaweza kuisha familia ikiwa bado inatafuta dawa.

Swali gumu: angepona?

Anayedai anapaswa kuonyesha vitu vitatu: kosa, hasara, na kamba inayoviunganisha. Kamba ndiyo inakatika mara nyingi, kwa maana munganga atajibu: hata bila kuchelewa, angekufa tu.

Huko Uingereza, katika mwaka wa 1994, munganga alimwambia mwanaume mumoja kama kivimbe chini ya kwapa ni mafuta tu. Kumbe ilikuwa kansere. Wataalamu walihesabu kama kwa kuchelewa, bahati yake ya kupona ilitoka 42 kwa mia ikashuka 25. Katika mwaka wa 2005, majaji 3 kwa 2 walikataa dai lake, kwa maana hata mwanzoni bahati ilikuwa chini ya nusu. Ufaransa inafikiri tofauti: bahati iliyopotea yenyewe ni hasara, na inalipwa kwa kipimo chake. Kode yetu ya 1888 ilitoka katika ukoo wa sheria za Ubelgiji na Ufaransa, kwa hiyo avoka anaweza kuegemea mawazo hayo mbele ya tribinali.

Karibu na sisi, Uganda, tribinali kuu iliamua katika mwaka wa 2015 juu ya mama aliyekufa akizaa kwenye hospitali ya Nakaseke, munganga wa zamu akiwa hayupo. Wilaya ililipishwa shilingi milioni 35. Haikuwa kansere, lakini ni kuchelewa, tena kwenye hospitali ya serkali.

Mulango gani wa kugonga

Wa kwanza ni matibabu. Kesi haizuie safari ya hospitali. Kisha ni karatasi. Chunga fishi, ordonansi, matokeo ya ekografi, risiti na karatasi ya transferi. Andika tarehe ya kila ziara na jina la aliyekupokea. Bila hizo, inabaki neno lako na neno lake.

Kisha, ongea na munganga mukubwa wa zone ya afya. Kwa azabu ya kazi, kuna Ordre ya wanganga, ya tangu 1968, na ile ya wauguzi, iliyoundwa na sheria ya 2016. Hizo zinaweza kumusimamisha mutu kazi, lakini hazilipe mugonjwa. Malipo yanatoka kwa tribinali, ao kwa mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi. Asiye na uwezo aombe karatasi ya serkali inayohakikisha umaskini wake, na aulizie avoka wa bure.

Na kwa wanganga wenyewe: fishi iliyoandikwa vizuri na transferi iliyotolewa kwa wakati inamulinda mugonjwa. Siku ya maswali, inamulinda pia aliyeiandika.