Toronto na Miche Iliyozuiwa Mpakani

Mtaa wa Leslieville, mashariki mwa Toronto, umerithi jina la mfanyabiashara wa miche. George Leslie, Mskoti aliyehamia Kanada, alifungua vitalu vyake huko miaka ya 1840, na baadaye vikatanda kwenye ekari zipatazo 150. Miche ya matunda na ya kivuli ilitoka hapo ikasambaa Ontario nzima kwa mikokoteni na treni. Hakuna mkaguzi aliyeuliza kitu. Mche uliuzwa kama sabuni: lipa, chukua, nenda.

Aliyevuruga utulivu huo ni mdudu gamba wa San José. Ni mdogo kuliko kichwa cha pini. Akishajibandika kwenye ganda la mti, mtu asiyemjua hudhani ni majivu. Alikuwa akisumbua bustani za California tangu miaka ya 1870, na mwaka 1893 akagunduliwa Virginia, upande wa pili wa Marekani. Wachunguzi walifuatilia alikotokea wakaishia kwenye vitalu viwili vya New Jersey, vilivyoagiza miti ya plamu kutoka California na kuendelea kuuza miche kwa miaka kadhaa bila kujua. Yaani kila mteja aliyelipia mti alipewa na mdudu wake.

Ontario, jimbo la matofaa na pichi, ilishtuka. Mwaka 1898 bunge la Kanada, Ottawa, lilipiga marufuku miche kutoka Marekani, Australia, Japani na Hawaii. Jimbo nalo likatunga sheria yake mwaka huohuo: wakaguzi waingie bustanini, na miti yenye mdudu ing'olewe na kuchomwa moto. Wakulima wengi walinung'unika, na sioni ajabu. Kumwambia mtu achome mti ulioanza juzi tu kumlipa gharama zake ni kazi ngumu kwa serikali yoyote.

Marufuku kamili haikudumu. Mnamo 1901 miche ya nje iliruhusiwa tena, ila kupitia vituo maalumu, Niagara Falls na Windsor vikiwamo, ambako ilifukizwa kwanza. Namna yenyewe ilikuwa hivi: miche hupangwa ndani ya kibanda kisichopitisha hewa, bakuli lenye maji na asidi ya salfa huwekwa sakafuni, sianidi hutumbukizwa humo, na mfanyakazi hutoka mbio na kufunga mlango. Gesi humaliza kazi kwa chini ya saa moja. Baadaye mlango hufunguliwa kwa tahadhari, kwa kuwa gesi hiyo haibagui mdudu na binadamu. Kwa maoni yangu, kibanda hicho kilikuwa na akili kuliko ile marufuku, maana kiliikubali biashara na kuishughulikia hatari yenyewe. Mwaka 1910 ikaja sheria pana ya wadudu waharibifu ya nchi nzima.

Tuiruke karne. Mwaka 2003, mpakani mwa Toronto na Vaughan, alionekana mbawakawa wa Asia mwenye papasi ndefu, anayetoboa miti ikiwa hai. Huyu hakuletwa na miche. Inaaminika alisafiri ndani ya mbao za kufungashia mizigo. Lakini chakula anachokipenda ni mti wa mepo, ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Wakala wa Ukaguzi wa Chakula wa Kanada, CFIA, uliweka eneo la karantini. Humo hukuruhusiwa kutoa mche wa jamii zinazoshambuliwa, gogo wala kuni bila kibali. Miti karibu 30,000 ilikatwa na kusagwa. Aprili 2013 ushindi ukatangazwa; Agosti mwaka huohuo mbawakawa akaonekana tena, safari hii Mississauga, karibu na uwanja wa ndege. Ilibidi kusubiri hadi 2020 kutangaza upya kwamba ametokomezwa.

Kisa kinachonivutia zaidi kilianza Agosti 2018, Etobicoke, magharibi mwa jiji. Huko alithibitishwa nondo wa boksiwudi, mara ya kwanza kwa Amerika Kaskazini nzima. Boksiwudi ni kichaka cha kijani kibichi ambacho watu hukipogoa kuwa ua mbele ya nyumba, na wakati huo vitalu vya Ontario vilikuwa vikikipeleka Marekani kwa wingi. Viwavi wa nondo huyu hupitisha baridi wakiwa wadogo mno, wamejificha kati ya majani mawili waliyoyashona kwa nyuzi zao. Mkaguzi anaweza kukishika kichaka, akakigeuza, asimwone kiwavi, na akapigia cheti muhuri kwa dhamiri safi.

Majira ya kuchipua ya 2021 yakafichua mambo. Vichaka kutoka kitalu kimoja cha St. Catharines, Ontario, vilikuwa vimeshafika kwenye maduka ya majimbo sita ya Marekani, kuanzia Massachusetts hadi South Carolina. Tarehe 26 Mei Washington ilizuia boksiwudi kutoka Kanada, pamoja na mimea ya jenasi *Euonymus* na *Ilex*. Kanada iliyowafungia Wamarekani mlango mwaka 1898 sasa ilifungiwa na haohao. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa uchungu wake: mwaka 2007 Afrika Kusini iliyakataa maparachichi ya Kenya kwa sababu ya nzi wa matunda, na wakulima wakakaa zaidi ya miaka kumi wakisubiri soko hilo.

Madukani Marekani vichaka vilisakwa na kuteketezwa, na mitego yenye harufu ya nondo jike ikatundikwa. Julai 2021 mdudu akaonekana Kaunti ya Niagara, jimbo la New York, ng'ambo tu ya mto kutoka Ontario. Wataalamu wanadhani huyo hakupakiwa na mtu. Huenda aliruka mwenyewe.