Kengele na Jina la Frere

Makondakta wa matatu zinazovuka daraja la Nyali huvitaja vituo kwa haraka: Kongowea, Kengeleni, Bombolulu. Hakuna anayeita "Bartle Frere", ingawa ardhi ya hapo Kengeleni imebeba jina lake kwa takriban miaka 150. Kwenye ramani mahali hapo ni Freretown, yaani mji wa Frere. Vinywani mwa watu ni Kengeleni, kwa ajili ya kengele iliyotundikwa njia panda, mwendo mfupi kutoka soko la Kongowea ambako malori ya viazi na vitunguu hushusha mizigo kabla ya alfajiri.

Jina moja linamkumbuka bwana mkubwa aliyesifiwa kwa huruma yake. La pili linakumbuka chuma kilichogongwa ili watu wajihadhari. Historia ya wema wa watu mashuhuri katika bara hili la Mombasa imelala kati ya majina hayo mawili.

Ilianza na kifo. Tarehe 1 Mei 1873, David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Uingereza ya wakati huo haikuwa na mtu aliyependwa na magazeti kuliko yeye. Watumishi wake waliukausha mwili, wakauzika moyo chini ya mti, kisha wakabeba maiti kwa miezi hadi Bagamoyo. Alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Kifo hicho kilifungua mifuko ya wafadhili waliokuwa wakisoma habari zake za biashara ya watumwa, na makanisa yakashindana kuanzisha misheni kwa kumbukumbu yake. Chama cha misheni cha Kianglikana, CMS, kilielekeza macho Mombasa.

Mtu mashuhuri wa pili alikuwa Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay. Januari 1873 alifika Unguja, ametumwa na serikali ya Uingereza kumshawishi Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa baharini. Barghash alikataa, na Frere akaondoka bila sahihi. Mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Juni mwaka huohuo, mbele ya balozi John Kirk, baada ya Sultani kutishwa kwamba manowari zingekizingira kisiwa. Hata hivyo sifa zilimwendea Frere. Alikuwa amepita pwani, akaona kambi ndogo ya misheni ya Rabai, na akahimiza ipanuliwe ili watu watakaookolewa kwenye majahazi wapate pa kukaa. Makazi yalipoanzishwa, yalipewa jina lake.

Aliyeyajenga ni kasisi William Salter Price, aliyefika Mombasa mwishoni mwa 1874. Mwaka uliofuata CMS ilipata ardhi upande wa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, na kabla ya 1875 kwisha manowari za Uingereza zilikuwa zimeshusha hapo mamia ya watu: Wayao, Wanyasa, Wamakua, wengi wao watoto. Wenyeji waliwaita mateka. Walifika wakiwa wagonjwa, wamekonda, hawaelewani kwa lugha.

Ni nani aliyewapokea? Price alikuwa na Wazungu wachache tu. Waliozijua shida za mateka kwa sababu waliwahi kuwa mateka wenyewe walikuwa Wabombay, Waafrika waliookolewa utotoni na kulelewa katika kituo cha CMS cha Sharanpur, karibu na Nasik, India. Walifundishwa uhunzi, useremala na kusoma. William Jones na Ishmael Semler walikuwa wamerudi pwani hii tangu 1864, miaka 11 kabla Freretown haijawa na jina. George David naye alikuwa mwalimu na kiongozi miongoni mwao. Hao ndio waliofundisha, waliosuluhisha magomvi, waliotafsiri, waliozika wafu. Ujira wao ulikuwa mdogo kuliko wa Wazungu waliofanya nao kazi, na walilalamika kuhusu hilo waziwazi.

Jacob Wainwright, kijana mwingine wa Nasik, aliionja fahari ya umaarufu kwa muda. Yeye ndiye aliyesindikiza maiti ya Livingstone hadi London na kuwa miongoni mwa wabeba jeneza. Waingereza walimiminika kumtazama. Alipandishwa majukwaani kuhutubia mikutano ya wafadhili, na sarafu zikaingia kapuni. Aliporudi Afrika Mashariki, umaarufu huo haukumfaa kitu. Alifariki Urambo, Tanganyika, mwaka 1892, na ni wachache waliojua. Linauma kulisoma jambo hilo. Sura yake ilitumika kuchangisha, naye akasahaulika.

Freretown yenyewe haikuwa pepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wake asiye kasisi, J. R. Streeter, alituhumiwa kuwachapa viboko wakazi. Uchunguzi ulifanyika na akaondolewa. Watu waliotolewa utumwani na kutunzwa kwa michango ya watu wema walijikuta wakiadhibiwa na mtu aliyelipwa kwa michango hiyohiyo. Nje ya uzio, matajiri wa Mombasa walikasirika kwamba watumwa wao walikuwa wakitorokea misheni, na mara kadhaa kukawa na tishio la kushambuliwa. Hapo ndipo wazee wanapoiweka kengele katika masimulizi yao: iligongwa kuwaonya watu kwamba hatari inakuja.

Suala la watoro lilifikia kilele Rabai, alikokuwa William Jones. Huyu ndiye aliyesafiri na Askofu James Hannington mwaka 1885 na, baada ya askofu kuuawa Busoga, akawarudisha pwani wapagazi waliosalia. Kituo chake kilijaa watu waliowakimbia mabwana zao. Mwaka 1888 George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa alikuta kwamba vita vinanukia. Akaamua kuwalipa mabwana. Fedha zilitoka kwa serikali ya Uingereza, kampuni, CMS na marafiki wa Sir Thomas Fowell Buxton, wa ukoo uliosifika kwa kupiga vita utumwa. Tarehe 1 Januari 1889, watu zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru Rabai. Mabwana walipata fedha zao, wafadhili wakapata shukrani. Jones, aliyeishi na watu hao siku zote za hofu, hakupata hata mtaa wenye jina lake.

Umaarufu si kitu cha kudharauliwa. Una nguvu ya kuchangisha ambayo mtu wa kawaida hana. Mwaka 1959 wasanii Harry Belafonte na Sidney Poitier pamoja na mwanamichezo Jackie Robinson walitia majina yao kwenye barua ya kuomba michango ili wanafunzi katika mpango wa mwanasiasa Tom Mboya wasafiri kwenda kusoma Marekani, na Septemba mwaka huo wanafunzi 81 wakapanda ndege. Bila majina hayo matatu, pengine Wamarekani wengi wangeitupa barua hiyo bila kuisoma. Lakini hadithi ya safari hizo husimuliwa pamoja na majina ya waliosafiri na walichokuja kufanya. Wangari Maathai, aliyeondoka mwaka 1960 kupitia mpango huo, anafahamika leo kuliko wafadhili wake wengi. Huko mpokeaji alibaki na jina lake.

Kengeleni haikuwa hivyo, ingawa matunda yake ni makubwa. Shule ya kufundisha wachungaji iliyoanza Freretown mwaka 1903 ilihamia Limuru mwaka 1930 na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Wajukuu wa mateka walikuwa makarani, walimu, mafundi na wachungaji kote Kenya. Matthew Wellington, Myao aliyeitwa Chengwimbe kabla ya kutekwa, na mmoja wa waliobeba maiti ya Livingstone, aliishi hapa pwani hadi alipofariki mwaka 1935. Wakati huo daraja la kwanza la Nyali, lile la kuelea, lilikuwa na miaka minne, na Mombasa ilikuwa bado na shahidi wa safari ile ya kutoka Chitambo.

Kengele ingalipo. Magari yanaizunguka mchana kutwa, na wachuuzi wanaotoka Kongowea na magunia yao wanapita chini yake. Wanaosimamia makumbusho ya taifa na kaunti ya Mombasa wana nafasi ya kufanya jambo moja jepesi: waweke bamba hapo njia panda, kwa Kiswahili, lenye majina ya William Jones, Ishmael Semler, George David, Jacob Wainwright na Chengwimbe. Frere tayari ana mji.