Shamba la Nani? Somo la Biashara, kutoka Gatete mpaka Katumba na Kurudi

Siku hizi kila mradi unaokuja kwetu wakimbizi unataka kuwafundisha wanafunzi wa sekondari ujasiriamali. Ni jambo zuri, sikatai. Ila wanaongea kana kwamba somo hilo ni geni kwetu. Sisi wa Gatete, kule Rumonge kwenye mwambao wa Tanganyika, tumelisoma mara tatu, kila mara kwa jina lingine. Hebu tuipitie historia hiyo.

Mara ya kwanza halikuwa na jina wala darasa. Mwalimu alikuwa mchikichi. Mtoto alijua kwamba ngazi zikishakatwa zisikae sana, zichemshwe, zitwangwe, mafuta yaenguliwe, na mise zinazobaki zitoe mafuta mengine ya kutengenezea sabuni. Alijua kwamba msimu ukipamba moto mawese yanajaa sokoni na bei inaanguka, kwa hiyo mwenye bidoni za kuhifadhia anangoja, asiye nazo anauza kwa hasara. Na asubuhi ndagala wakishushwa ufukoni, akina mama walipiga hesabu kichwani haraka haraka, maana samaki hangoji mtu.

Halafu ukaja 1972. Mwishoni mwa Aprili waasi walishambulia huko kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi. Kisha jeshi likawageukia Wahutu nchi nzima, na waliosoma ndio waliowindwa zaidi: walimu, makarani, hata wanafunzi wa sekondari waliotolewa shuleni. Baada ya hapo wazazi wengi waliiogopa shule yenyewe. Walionusurika walikimbia, wengine Zaire, wengine Tanzania, ambako walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Michikichi ilibaki nyuma, ikapata wenyewe wengine.

Mimi nimezaliwa Katumba. Huko somo lilikuja mara ya pili, likiitwa Elimu ya Kujitegemea, ile aliyoieleza Mwalimu Nyerere Machi 1967. Shule iwe na shamba lake, na wanafunzi washiriki kuamua kazi ipangwe vipi na mapato yatumike vipi. Jembe tulilishika kweli. Lakini daftari la mapato na matumizi hatukuwahi kulifungua. Tulilima, wakubwa wakahesabu. Biashara niliisoma nyumbani. Baba alikuwa na tumbaku na mahindi, na kila jioni ya mauzo alitukalisha chini: mbolea kiasi gani, vibarua kiasi gani, tumebaki na nini. Wazazi wetu walifika pale hawana kitu. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, makazi yale yalihesabiwa kuwa yanajitegemea. Siri yake si semina. Kila familia ilipewa ardhi ya kulima na hakuna aliyekuja kuigombania.

Mwaka 2008 makumi ya maelfu wakaanza kurudi Burundi, nasi tukawamo. Tulikuta watu kwenye michikichi ya babu. Wengi wao nao hawakuwa wezi: walipewa na serikali, au walinunua, na watoto wao walizaliwa pale pale. Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, iliyoundwa 2006, ilikuwa na kesi chungu nzima za mwambao huu. Wasio na pa kwenda wakajengewa vijiji vya amani, kama Mutambara. Watoto wetu walijua Kiswahili na Kiingereza, wakakaa darasani wakisikiliza Kifaransa.

Kuanzia 2013 shule ya msingi ya miaka 9 ikaanza kuenea Burundi, na katika madarasa yake ya juu, la 7 hadi la 9, ujasiriamali ukawa somo. Hiyo ndiyo mara ya tatu. Nilisaidia kulifundisha. Siku moja niliwaambia wanafunzi waandike mpango wa biashara ya mawese: mtaji, gharama, soko, faida. Kijana mmoja alijaza kila kitu vizuri, isipokuwa mstari wa shamba. Akaniuliza, "Mwalimu, hapa niandike jina la nani? Baba anasema ni letu. Huyu ninayekaa naye dawati moja, baba yake anasema ni lao."

Darasa zima likanyamaza. Yule mwenzake wa dawati akasema taratibu: tuandike mashine ya kukamua, tuache shamba. Wakaandika mpango wa watu wawili, wa kununua ngazi kwa yeyote atakayeshinda kesi.

Hesabu ile ilikuwa sahihi, na mimi naiona ndiyo hesabu bora niliyowahi kusahihisha. Lakini msiichukue kama jibu. Watoto wawili walitafuta njia ya kuzunguka swali ambalo wakubwa tumeshindwa kulimaliza tangu 1972. Kwa hiyo anayekuja na vitabu vya ujasiriamali, karibu sana. Kwanza atuambie wanafunzi hawa watafanyia kazi ardhi ya nani, na wakishazalisha, wataruhusiwa kwenda kuuza soko gani.